Yaya Naye Aweza Kufasiri Shairi

Wako wasemao kwamba Hokusai, mchoraji wa Japani, aliyaharibu mashairi ya wafalme. Sisi twakataa.

Habari yenyewe ni hii. Mnamo mwaka 1235 Fujiwara no Teika alikusanya mashairi mia, kila moja la mtunzi wake, nao wengi walikuwa watu wa jumba la mfalme. Miaka mia sita baadaye, yapata 1835, Hokusai, naye ni mzee wa miaka 75 hivi, akaanza kuyachorea picha za kupigwa chapa kwa mbao, akaziita mashairi mia yaliyoelezwa na yaya. Ati yaya! Hapo ndipo wakosoaji wakunjapo uso. Wasema yaya hajui maana, ndiyo sababu picha zimepotoka.

Haya, na tutazame. Hitomaro alitunga juu ya usiku wa mtu alalaye peke yake, mrefu kama mkia wa ndege wa milimani. Hokusai alichora wavuvi wakikokota wavu mrefu majini. Amepotoka wapi? Avutaye wavu ajua urefu kwa mikono yake. Malkia Jito naye aliona nguo nyeupe zimeanikwa mlimani Kagu. Je, zilijianika zenyewe? Hokusai amewaleta watu wa kazi pamoja na vitambaa vyao, watu ambao malkia hakuwataja.

Tena mashairi haya hayakubaki jumbani. Wajapani huyachezea karata wakati wa Mwaka Mpya, na mchezaji hodari huwa ameyashika yote mia kwa moyo. Basi yaya akiyafasiri, ameiba mali ya nani?

Na hiyo picha yatoka wapi? Karatasi ya mchoraji hubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, fundi akachonga, karatasi ikaangamia chini ya kisu chake. Kila rangi yataka ubao wake. Kisha mwingine hupaka rangi, hulaza karatasi mpya, husugua kwa mkono. Pasipo hao hakuna picha hata moja.

Zilizochapwa ni 27 tu, kazi ikakoma. Michoro mingine mingi ingaliko, mingine katika nyumba ya Freer huko Washington, imesalia kwa sababu haikupata kuchongwa. Wakosoaji wakimtaka Hokusai asiyeguswa na mikono ya mafundi, na waende wakamtafute humo. Nako watawakuta wakulima na wavuvi vilevile.