Kabla hujalipia wikendi ya kusaka 'dubu wa Nandi', piga hesabu

Ukiniuliza niliona nini kwenye msitu wa Nandi, nitakujibu kwa ukweli: matope, tumbili na bili.

Tulitoka hapa Burat vijana wanne, simu zimejaa chaji, kwenda kumsaka 'dubu wa Nandi', yule ambaye pia huitwa kerit au chemosit. Tulijiambia kwamba video moja tu ikitrendi, pesa zitarudi.

Hebu tupige hesabu pamoja. Gari la kukodi siku tatu, Sh13,500. Petroli ya kwenda na kurudi, Sh12,000. Malazi na chakula, Sh8,000. Mwenyeji wa kutuonyesha njia, Sh2,500. Jumla Sh36,000, yaani Sh9,000 kwa kila mtu. Yangu nilikopa kwa simu. Mwenzetu wa bodaboda alipoteza pia mapato ya siku tatu, na hayo hatukuyaandika popote. Usiku wa mwisho tulirekodi macho mawili yaking'aa gizani. Kulipokucha, kumbe ni mbwa wa jirani.

Walowezi wa Kizungu walisimulia habari za mnyama huyu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo hakuna aliyeleta hata mfupa mmoja. Wengi waliochunguza wanasema huenda ni fisi au nyegere. Dubu hawaishi hata Kenya. Kule Marekani, nyayo zilizomfanya Bigfoot kuwa maarufu mwaka 1958 zilikuja kuelezwa 2002: familia ya Ray Wallace ilisema, baada yake kufariki, kwamba alizipiga kwa miguu ya mbao. Bado watu wanalipa kwenda kumtafuta.

Sisemi ukae nyumbani. Kutembea ni shule. Na story za wazee ni mali yetu. Keti na babu akusimulie, hatakuomba hata shilingi.

Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Buffalo Springs iko karibu nasi, na kuna punda milia wa Grevy ambao wageni huvuka bahari kuja kuwaona. Mwaka 2016 na 2018 watu wa kawaida walizunguka kaskazini ya Kenya wakiwapiga picha, kwa sababu mistari ya kila mmoja ni yake peke yake, kama alama za vidole. Hesabu ya 2018 ilipata takriban 2,800 nchini. Hapo picha yako inasaidia kuhesabu mnyama aliyepo, na ambaye anaweza kutoweka.

Sasa kundi letu la WhatsApp linachangisha tena, eti safari hii tutabeba kamera ya usiku. Kama na wewe umealikwa kwenye kundi kama hilo, uliza maswali mawili kabla ya kutuma pesa: jumla ni ngapi, na nani atalipa tukirudi mikono mitupu?

Mimi nimeshajibu. Bado nadaiwa Sh4,000 za yule dubu.