Kitabu cha batoto, nani anakichagua?

Ndugu wafanyakazi, ba mama na ba papa wa mukini, tumezoea kuandika hapa juu ya mishahara, kofia na viatu vya kazi. Leo tunaandika juu ya vitabu vya picha. Musicheke. Nayo ni mambo yetu.

Mwaka jana tulifuata watu walioleta karton ya vitabu ku masomo ya karibu na mukini. Walipiga picha, wakaenda. Sisi tukabaki nyuma ya kalasi. Mwalimu akafungua kitabu kimoja: Kifransa, maandishi madogo sawa mchanga, picha isiyopita kiganja, mtoto anacheza ndani ya theluji. Watoto wa mbele wakauliza: «Madame, hii njo nini?» Wa nyuma hawakuuliza kitu, sababu hawakuona kitu. Walikuwa zaidi ya 60 mu kalasi.

Halafu mwalimu akatoa kingine mu sakoshi yake. Karatasi chache alizochora mwenyewe na kushona na uzi: kuku amepoteza mayai, anauliza nyama mmoja mmoja, na swali ni lile lile. Ku ukurasa wa tatu, kalasi nzima ilikuwa inauliza pamoja na kuku. Mwisho wakapiga kelele: «Madame, soma tena!»

Pale njo tulifunguka macho. Kitabu cha kusomea kalasi kinapimwa hivi. Kishike mbele ya ubao, kisha mutu aende kuketi ku banc ya mwisho: picha inaonekana? Maneno ni machache, na yanarudi, mtoto apate nafasi ya kuingia? Lugha ni ile ya nyumbani?

Wazazi wengine watasema: «Kifransa njo kinaleta kazi.» Ni kweli, na tunakitaka. Lakini mtoto aliyeelewa hadithi mu Kiswahili yuko na hamu ya kufuata herufi, na Kifransa kitapata mahali pa kushika. Sheria ya elimu ya 2014 nayo inakubali lugha zetu kufundishia.

Wengine wanataka vitabu vya watoto wa mine tu, na kofia na mpauro. Kimoja kinatosha. Mpauro wanauona kila siku. Tuwaonyeshe pia mto, hospitali, bahari, hata ile theluji, kama mwalimu amepewa wakati wa kuieleza.

Kwa nini sendika inaingia humu? Tangu 2019 masomo ya msingi ya Leta ni ya bure, na kalasi zimejaa. Tena Code minier ya 2018 inaomba kampuni itoe 0,3 % ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wakaaji. Mali hiyo inatoka ku jasho letu. Wakati liste ya vitu vya kununua inaandikwa, mara nyingi wanaweka neno «vitabu», kisha mutu wa biro anachagua peke yake. Hakuna anayenunua viatu vya kazi bila kuuliza mguu wa mfanyakazi.

Tunaomba kitu kidogo: mwalimu wa mwaka wa kwanza na mzazi mmoja wakae ku meza ile. Na mbele ya kulipa, kila kitabu kisomwe kwa sauti mu kalasi moja. Watoto wenyewe watajibu.

Hatusemi kitabu kitafunga njia ya ku carrière. Njaa njo inatuma watoto wengi kule kuosha mawe. Lakini mtoto anayeketi miezi bila kuona wala kuelewa, njia ile ni fupi kwake. Yule anayesema «soma tena» yuko na sababu moja ya kurudi kesho. Tusiinyime.