Hakuna Jekundu, Lakini Seva Haijapona

Leo naomba tuongelee seva kidogo, hasa nyie wenzangu mnaozitunza maabara na kwenye miradi ya mwaka wa mwisho. Kuna tabia inanikera. Ansible ikifanya kitu ambacho hakikutarajiwa, mtu anaingia kwenye seva, anarestati huduma kwa mkono, ikikubali anasema "imepona" halafu huyoo, kantini. Jamani, haijapona. Umefuta ushahidi tu.

Chukueni mfano huu, ni wa kawaida sana. Taski ya kwanza inabadilisha faili la mipangilio ya Nginx, na umeweka notify ili hendla iirestati Nginx. Taski ya pili inapakua programu fulani. Intaneti, mnaijua wenyewe, inakatika katikati. Taski ya pili inafeli, kazi inasimama. Mtandao ukirudi unaendesha tena. Safari hii hakuna jekundu hata moja, failed=0. Lakini Nginx inaendelea na mambo yake ya zamani!

Kwa nini? Kwa kawaida hendla hungoja taski zote ziishe, na huitwa pale tu taski yenye notify imebadilisha kitu. Mara ya kwanza faili lilibadilika, ila kazi ilikufa kabla zamu ya hendla haijafika. Mara ya pili faili tayari ni jipya, Ansible haioni cha kubadilisha, basi hendla haiitwi. Ansible haijadanganya hapo. Uliiuliza habari za faili, ikakujibu habari za faili.

Sasa ukilala na hiyo failed=0 yako, bomu linabaki pale pale. Wiki tatu baadaye umeme unakatika usiku, seva inawaka upya, Nginx inasoma lile faili jipya kwa mara ya kwanza. Kama lina kosa, inagoma kuwaka. Asubuhi ndiyo siku ya mwisho ya kusajili kozi, foleni hadi nje, na kila mtu analaumu umeme.

Najua mtaniambia watu wanasubiri huduma, hakuna muda wa uchunguzi. Sawa, lakini dakika 2 zipo. Kabla hujagusa kitu, piga systemctl status nginx uone imewaka tangu saa ngapi, halafu ls -l uone faili lilibadilika lini. Faili likiwa limebadilika baada ya Nginx kuwaka, na hakuna aliyeiambia isome upya, mchawi umempata. Piga nginx -t kuhakikisha faili halina kosa, ndipo urestati.

Kisha rudi kwenye msimbo wenyewe. Weka meta: flush_handlers mara baada ya taski ya faili, au endesha na --force-handlers, ili hendla iliyokwisha kuitwa ifanye kazi yake hata kama taski ya mbele imefeli. Ukirekebisha kwa mkono umeponya seva 1 kwa siku 1. Ukirekebisha msimbo umewaponya na watakaokuja baada yako, ambao hata hawajui uliwahi kukesha.

Haya, kipindi kinaanza, nakimbia. Asiyekubaliana na mimi aseme, tubishane.