Uwekevu Si Ubahili: Ufundi Urejee Nyumbani

Katika Kiswahili, mtu mwekevu na mtu bahili ni watu wawili tofauti kabisa, ijapokuwa siku hizi wengi wetu huwaweka katika kapu moja. Bahili ana mali lakini huinyima hata nafsi yake mwenyewe. Mwekevu hutumia alichonacho kwa akili ili kidumu na kimfae. Ninaanza na tofauti hii kwa kuwa imefifia vinywani mwetu, na pamoja nayo imefifia heshima tuliyokuwa nayo kwa mtu anayejitengenezea vitu vyake. Atiaye kiraka suruali ya mwanawe, akingaye maji ya mvua, apandaye sukuma wiki katika gunia nje ya mlango wake, huyo huonekana mtu aliyeshindwa na maisha. Jirani anayenunua kila kitu kipya, hata kama ni kwa mkopo wa simu, ndiye anayehesabiwa kuwa ameendelea.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kwa hivyo sina budi kuyatazama mambo haya kupitia maneno. Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto wetu walikariri orodha ndefu za vifaa vya ufundi. Waliweza kukwambia bila kusita kwamba randa hulainisha mbao, kwamba patasi hutoboa na kuchonga, kwamba jiriwa hubana, kwamba msasa hukwaruza, na kwamba timazi humwezesha mwashi kujua kama ukuta umesimama wima. Walipata alama zao, wakaenda zao. Lakini waulize wangapi kati yao waliwahi kuishika timazi, na utaona macho yakiinama chini. Ilhali timazi ni nini? Ni uzi na kitu kizito kilichofungwa ncha yake. Mtoto yeyote anaweza kuitengeneza kwa dakika tano, kwa kamba ya kiatu na jiwe, kisha akagundua, labda kwa mshangao, kwamba ukuta wa darasa lao umeinama. Tumewafunza watoto jina la kitu, tukawanyima kitu chenyewe.

Si kwamba nchi hii haikujaribu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulikuja na sanaa na ufundi, sayansi kimu na kilimo. Wazazi walitozwa pesa za kujenga karakana, na baadhi ya karakana hizo hazikuwahi kuona hata msumeno mmoja. Baadaye masomo hayo ya mikono yakaondolewa katika karatasi za mtihani wa shule za msingi, na somo lisilotahiniwa, kama ajuavyo kila mwalimu wa Kenya, ni somo lililokufa. Kisha ukaja mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2019, ukisisitiza kwamba mtoto atende badala ya kukariri. Nia ni njema. Lakini tazama yanayotendeka jioni: mtoto anarudi nyumbani na agizo la kutengeneza kikapu au ala ya muziki kwa vitu vilivyotupwa, naye mzazi, aliyechoka na asiyejua pa kuanzia, anakwenda dukani kununua kilichokwisha kutengenezwa. Mwalimu anakipokea na kukitia alama. Kitu kilichokusudiwa kumfunza mtoto uwekevu kimegeuka gharama mpya kwa mzazi. Wazazi wenzangu, hapa tunajidanganya wenyewe, na walimu wanatusaidia kujidanganya.

Nachukua mfano wa maji, kwa sababu ndiko tunakopoteza zaidi. Katika miaka ya 1960 akina mama wa Nyeri na sehemu nyingine za Mkoa wa Kati waliunda vikundi vilivyokuja kujulikana kama vikundi vya mabati. Walichanga pesa kidogo kidogo na kuezeka nyumba ya mwenzao mmoja, halafu ya mwingine, kwa zamu, hadi kila mmoja akalala chini ya bati. Wako waliodhani kwamba hiyo ilikuwa tamaa ya kuonekana. Lakini akina mama wale walijua hesabu. Paa la nyasi hukuongezea kazi kwa kudai nyasi mpya kila baada ya muda; paa la bati hukupunguzia kazi kwa kukuletea maji mlangoni.

Hesabu yenyewe ni rahisi mno. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, hupatikana lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 6 ina mita za mraba 48. Mvua moja nzuri ya milimita 25 huangusha juu ya paa hilo lita 1,200. Tuseme sehemu moja ya tano inapotea kwa kumwagika na kuruka. Zinabaki lita 960, yaani mitungi 48 ya lita 20. Mitungi arobaini na minane kwa mvua moja! Na ni nyumba ngapi zenye mabati ambazo hazina hata kipande cha mlizamu, au gata kama wasemavyo mafundi wetu, hivi kwamba maji yote hayo yanachimba shimo chini ya ukingo wa nyumba, yanalegeza msingi, kisha yanakwenda zao mtoni? Mlizamu unaweza kukunjwa kwa bati kuukuu, ukaning'inizwa kwa waya, mradi tu uelekee upande mmoja kwa mteremko mdogo. Maji ya dakika za kwanza huachwa yapite, kwa sababu hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata ndiyo ya kukinga. Pipa lifunikwe, ama sivyo utakuwa unafuga mbu. Na ya kunywa yachemshwe.

(Neno debe, kwa njia, lina historia inayofaa hapa. Tulilipata kutoka kwa Wahindi, kwa maana ya kopo la bati. Katika Afrika ya Mashariki likawa jina la bati la galoni nne lililoletea watu mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, debe likachota maji. Lilipotoboka, likapimia mahindi. Lilipokongoroka kabisa, likapasuliwa likawa kiraka cha mlango. Kitu kimoja, maisha manne. Na hadi leo tunapima mahindi kwa debe.)

Bustani ya gunia inajulikana zaidi, hasa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, wakati shirika la Solidarités lilipogawa miche mtaani Kibera na kilimo hicho kikaenea katika vichochoro. Mwaka 2020, wakati wa korona, Wizara ya Kilimo nayo ilitangaza mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Hata hivyo nimeona magunia mengi yaliyokauka yakiwa yameachwa, na kila mara sababu ni ile ile: hayana nguzo ya mawe. Mtu hujaza udongo tu, maji yakabaki juu, miche ya ubavuni ikafa kwa kiu. Njia ya sawa ni kusimamisha katikati ya gunia mkebe usio na kitako, kuujaza kokoto, kuzungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kisha kuuvuta mkebe juu na kurudia tena hadi gunia lijae. Kokoto ndizo mfereji wa ndani. Ukimimina maji juu yake, yanateremka na kuwafikia wote. Matundu ya ubavuni yapangwe kwa kupishana. Baada ya wiki nne hadi sita mama huanza kuchuma majani ya chini, na akichuma kwa adabu, bila kung'oa kichwa cha mche, ataendelea kuchuma kwa miezi. Maji yaliyosuuzia mboga au mchele yanafaa kumwagiliwa. Yenye dawa ya kung'arisha nguo hayafai. Na heri kukosa mboga kuliko kuinywesha maji ya mtaro wa maji taka, jambo ambalo baadhi yetu tunalila bila kujua tununuapo sokoni.

Kuhusu moto nitasema kwa ufupi. Jiko letu la kauri, lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand na kuboreshwa na mafundi wetu wa jua kali, hupunguza makaa kwa thuluthi moja hadi nusu likilinganishwa na jiko la bati tupu. Kauri yake ikipasuka hubadilishwa. Si lazima kutupa jiko zima. Na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, yakachemka sana kwa muda usiopungua dakika kumi, yanaweza kumalizia kuiva ndani ya kapu lililojazwa blanketi kuukuu au majani makavu ya mgomba, pasipo moto wowote, wewe ukiwa kazini. Lakini uwekevu usimpeleke mtu kaburini: jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto. Hewa yake haina harufu, na familia nzima huweza kulala isiamke.

Najua kuna watakaosema kwamba mazungumzo haya ni ya kumwambia maskini azoee umaskini wake. Pingamizi hilo ni zito na silidharau. Pipa la maji ya mvua halimwondolei mkuu yeyote wa kaunti wajibu wa kuleta maji ya bomba, na kiongozi anayekuja kutupongeza kwa ubunifu wetu wakati mabomba yamekauka anastahili kuulizwa maswali, si kupigiwa makofi. Tena maswali hayo yawe mahususi. Tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ilipopitishwa Machi 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba hizo. Je, kila jengo linalosimamishwa kwa pesa zetu lina mlizamu unaoishia katika tangi, au unaishia katika mtaro? Je, mpangaji ataruhusiwa kuweka magunia mawili kwenye roshani, au kutakuwa na tangazo ukutani la kumkataza, kama yalivyo matangazo ya landilodi wengi? Wasanifu wanaweza kujibu sasa, kabla ya simiti kukauka.

Wengine wana hofu kwamba kila mtu akijifanyia kazi zake, mafundi wa jua kali watakosa riziki. Sioni hivyo. Mtu ambaye amewahi kujaribu kukunja bati kwa mikono yake ndiye anayejua kwa nini fundi anadai kiasi fulani, naye hagombani kuhusu bei. Ambaye hajawahi kugusa koleo ndiye hulalamika kwamba fundi ni mwizi. Isitoshe, neno lenyewe fundi ni la ukoo mmoja na kufunda na kufundisha. Kwa asili yake, fundi ni mtu aliyefundwa, na anayeweza kuwafunda wengine.

Kwa hivyo ombi langu kwa wakuu wa shule na kamati za wazazi ni dogo, na linaweza kutekelezwa muhula ujao, kabla ya mvua za masika. Mwiteni fundi bati mmoja kutoka sokoni kwenu kwa alasiri moja, mlipeni ujira wake wa siku bila kumpunguzia, awaelekeze watoto wa darasa moja kukunja na kutundika mlizamu kwenye paa la darasa lao wenyewe. Pesa mnazo: ni zile zile ambazo wazazi wangezipeleka dukani kununua vikapu vilivyokwisha kusukwa.