ANGA SI YA WANAFIZIKIA PEKE YAO

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mwaka jana nilipoacha somo la Fizikia nikashika Historia na Serikali, rafiki ninayetembea naye jioni kurudi nyumbani alinicheka. "Ndoto yako ya mambo ya anga imezikwa," akasema. Nami, kusema kweli, nilimwamini. Leo siamini tena.

Wanafunzi wenzangu, mnaikumbuka pete ya chuma iliyoanguka kijijini Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024? Upana wake ulikuwa kama mita 2.5, uzito karibu kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Sasa hebu nikuulize: ingeangukia boma la mtu, nani angelipa? Hapo kanuni za Newton hazikusaidii. Jibu limo katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, unaosema kwamba nchi iliyorusha chombo hulipia hasara kitakayoleta ardhini. Na si maneno matupu. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti, Cosmos 954, yenye mtambo wa nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Kanada. Kanada ikadai, na mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada.

Kuna na suala la usalama. Mkataba wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia angani, lakini haukatazi kila silaha. Mwaka 2007 China ililipua setilaiti yake yenyewe kwa kombora. Urusi ikafanya vivyo hivyo mwaka 2021, ikaacha vipande zaidi ya 1,500 vikizunguka huko juu. Fahali wawili wapiganapo, jamani, ziumiazo ni nyasi, na hata setilaiti yetu Taifa-1, iliyorushwa mwaka 2023, ilipita katika anga hiyo hiyo.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuchunguza mambo haya. Mmoja ni John Logsdon wa Marekani. Mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu jinsi Rais Kennedy alivyoamua kwamba watu wapelekwe mwezini. Mwaka 1987 alianzisha Taasisi ya Sera ya Anga za Juu katika Chuo Kikuu cha George Washington. Chombo cha Columbia kilipovunjika mwaka 2003 na wanaanga 7 kufa, alikuwa katika bodi iliyochunguza ajali ile. Hakuunda roketi. Aliuliza: nani aliamua, na kwa nini?

Najua mtaniambia kwamba shahada yake ya kwanza ilikuwa ya Fizikia. Ni kweli, ndiposa siidharau Fizikia. Naazima daftari la rafiki yangu yule yule. Lakini shahada yake ya juu ilikuwa ya sayansi ya siasa.

Ombi langu kwa walimu wetu ni moja. Mnapotushauri kuhusu kazi, msitutajie daktari, mhandisi na wakili tu. Mtajeni pia mtafiti wa sera ya anga. Siku chuma kingine kitakapoanguka, mwenye boma atahitaji mtu wa kumsomea mkataba, tena kwa Kiswahili. Mimi niko tayari. Na wewe je?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu