Kadi ya Chanjo ya Hujaji ni Shahada, si Karatasi ya Kupitia Uwanja wa Ndege

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake. Amma ba'ad:

Kila unapokaribia msimu wa Hija na Umra, ndugu zetu hutuletea karatasi za chanjo na kutuuliza mambo mawili: zimeandikwa nini, na je, inajuzu kununua kadi iliyokwishapigwa muhuri bila ya kuchomwa sindano? Tunaanza na la kwanza, kwani jawabu ya la pili imo ndani yake.

Wengi huchanganya vyeti viwili. Cha kwanza ni cha homa ya uti wa mgongo, ambacho Saudia humtaka kila hujaji awe nacho. Chanjo yake ni ya aina nne, ACWY, na ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Hudumu miaka 3 au 5 kwa mujibu wa aina ya dawa, na aina isipoandikwa huhesabiwa 3. Cha pili ni kadi ya njano, ya homa ya manjano, inayotakiwa kwa watokao au wanaopitia nchi zenye maradhi hayo. Hii huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu umri mzima, hata zile kadi za zamani.

Kanuni za Afya za Kimataifa zinataka kadi ya njano ijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na itiwe saini kwa mkono wa mtaalamu aliyesimamia chanjo. Muhuri wa kituo ni lazima, lakini hausimami mahali pa saini. Kila mtu na kadi yake, hata mtoto, na mzazi humtilia saini asiyejua kuandika. Kufuta, kurekebisha au kuacha sehemu tupu kunaweza kuibatilisha.

Mwenye maradhi yanayomzuia kuchanjwa, daktari humwandikia barua yenye sababu. Afisa hutakiwa kuizingatia, ila haimlazimishi kumpitisha. Basi msafiri aulize ubalozi kabla ya kulipa tiketi. Akikataliwa kwa udhuru wa kweli, hiyo ni kukosa uwezo wa safari kwa wakati huo, wala hana dhambi.

Kwa nini ukali huu? Baada ya Hija ya mwaka 2000, homa ya uti wa mgongo aina ya W135 ilirudi na mahujaji hadi Ulaya, ikawapata jamaa zao ambao hawakutoka majumbani mwao. Mtume wetu ametufundisha tusiingie penye tauni wala tusitoke humo kwa kuikimbia, na ametukataza kudhuru na kudhuriana.

Tukija kwenye hukumu: kadi ni shahada ya kwamba fulani amechanjwa siku fulani. Kuinunua bila ya sindano, au kurudisha tarehe nyuma kwa sababu siku 10 zimempita, ni shahada ya uongo. Muuzaji, mnunuzi na wakala anayepanga jambo hilo wote wanashiriki dhambi. Na tuzingatie kwamba onyo la Qur-aan dhidi ya kauli ya uongo limo ndani ya Suratul-Hajj yenyewe, aya ya 30. Hija ya mtu huyo, zikitimia nguzo na masharti yake, inasihi, lakini ameianza safari ya kuomba msamaha kwa kosa jipya, na huenda akambebea jirani yake maradhi.

Tunawanasihi wasafiri wachanjwe mapema, mwezi mmoja kabla, katika kituo kinachotambuliwa na serikali, na wasome jina, nambari ya pasipoti na tarehe kabla ya kuondoka dirishani. Aliyekwisha kununua kadi, atubie, na aende kuchanjwa maadamu wakati ungalipo.

Wallaahu a'lam.