Kama Hakuna Kujaribu, Basi Kuwe na Kurudisha

Wasee, leo nina neno moja tu na sitazunguka. Duka likinikataza kujaribu nguo au kiatu, basi likubali nikirudisha kisiponitosha. Likikataa yote mawili, hiyo si biashara tena, ni kamari, na pesa inayowekwa mezani ni yangu peke yangu.

Najua tumetoka wapi. Corona ilipofika Kenya Machi 2020, mambo yalibadilika mbio sana. Kafyu, maji na sabuni kila mlango, askari anakuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso. Serikali ilisimamisha hata kuagiza mitumba kutoka nje, mpaka Agosti mwaka huo ndiyo ikaruhusu tena. Maduka mengi yakafunga vyumba vya kujaribia na kubandika karatasi: hakuna kujaribu, ni kwa sababu ya Covid. Sikupinga. Wakati huo hatukuwa tunajua virusi vinakaa kwa kitambaa muda gani, na hakuna mtu alitaka kuvaa blauzi iliyotoka kuvuliwa na mtu anayekohoa.

Lakini kufikia 2022 mambo yalikuwa tofauti, bana. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021. Tarehe 11 Machi 2022 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba barakoa si lazima tena ukiwa nje. Matatu zilikuwa zinajaza viti vyote. Harusini tulikuwa tunakumbatiana. Na kuhusu kugusa vitu, CDC ya Marekani ilishasema tangu Aprili 2021 kwamba hatari ya kuambukizwa hivyo ni ndogo, kwamba virusi husambaa zaidi kupitia hewa tunayopumua tukiwa karibu. Nilikuwa nabanwa na watu kwa matatu mpaka Tom Mboya, halafu nikifika dukani naambiwa eti ni long'i ndiyo itaniletea corona? Acheni hizo.

Ukweli ni kwamba kuna maduka yalionja raha ya kukataza na hayataki kuiacha. Chumba cha kujaribia sai ni stoo ya makatoni. Hakuna kukunja nguo upya, hakuna kungoja mteja ajigeuzegeuze kwa kioo. Analipa, anaenda. Akirudi kesho anaonyeshwa yale maandishi madogo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hilo lilinipata mwaka 2022, kwa duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Nilichukua raba saizi 41, ile ninayovaa siku zote. Niliomba kujaribu nikaambiwa haiwezekani, ni masharti ya corona. Nikalipa 2,500. Kufika nyumbani, kidole gumba kinagonga mbele kama mtu anabisha hodi. Kesho yake nikazirudisha, hazijakanyaga hata lami, risiti mkononi. Jibu nililopewa: “Kastoma, hapo ni wewe na miguu yako.”

Wacha tuongee kuhusu hiyo namba. Uingereza wana namba zao za viatu, Ulaya wana zao, Marekani wana zao. Hata 41 ya kiwanda hiki na 41 ya kile zinaweza kutofautiana urefu na upana. Mguu wenyewe huvimba kidogo ikifika jioni, na watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Mitumba ndiyo kabisa: suruali imeandikwa 32, lakini imefuliwa mara ngapi? Mwenyewe wa kwanza aliikata? Ile mbinu ya kuzungusha kiuno cha jeans shingoni inasaidia, lakini haikuambii kitu kuhusu nyonga na mapaja.

Halafu fikiria wale wa miaka 13 hadi 17. Wakati wa corona wengi wa umri huo walikaa nyumbani kutoka Machi 2020 mpaka Januari 2021, wakivaa kaptura na malapa. Waliingia corona wakiwa watoto wakatoka na miguu ya watu wazima. Huyo unamuuliza “unavaa saizi gani?” atajulia wapi? Na mara nyingi amepewa pesa ya kiatu kimoja, ambacho lazima kimfikishe mwisho wa mwaka. Mwenye pesa atanunua saizi mbili achague nyumbani. Huyu kijana atavaa kinachombana, au ampe ndugu yake mdogo na abaki na kile kilichotoboka.

Na dada zangu wenye nyonga, wenye mguu wa 43, wanaoambiwa “hii haikutoshi, utaipasua” kabla hata hawajaishika. Kwao kujaribu ndiyo njia pekee ya kumjibu muuzaji bila kugombana.

Ni kweli, wauzaji nao wana malalamiko, na mengine ni ya haki. Kuna mtu anajaribu nguo nane, anapiga picha kwa kioo, anaenda. Kuna anayeacha poda yote kwenye kola ya shati jeupe. Kuna anayevunja zipu na kuitundika kimya kimya. Hao ni sisi wateja, na tujirekebishe. Ukienda kununua nguo, vaa taiti na fulana ndani. Futa lipstiki. Beba soksi safi.

Lakini angalia Gikomba na Toi. Mtu ana nafasi ndogo kuliko kitanda chako, na bado wengi watakuinulia leso uvalie nyuma yake, au wakutandikie katoni ukanyage ukijaribu kiatu, na mfuko wa kuvalia mguuni. Kama anayeuza kwenye matope ameweza, duka lenye vigae na taa za rangi linashindwa na nini?

Katiba haijasema kila duka liwe na chumba cha kujaribia, hilo nakubali. Lakini Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Kwa kiatu, kuna habari gani kubwa kuliko kujua kama kinaniingia?

Kwa hivyo ombi langu kwa wenye maduka ni rahisi. Fungueni pazia, hata liwe moja. Hamtaki? Basi nipeni siku tatu nibadilishe saizi, bora nguo iwe safi na lebo iko. Wanaouza mtandaoni nao, mwambieni mtu wa boda angoje dakika tano nivae kwanza.

Na wewe msomaji, uliza kabla ya kutuma M-Pesa: “Isiponitosha, nitabadilisha?” Akisema ndiyo, aandike kwa risiti. Akikataa kujaribu na akatae kubadilisha, mshukuru, irudishe kwa hanga, uvuke barabara. Duka la pili liko hapo, na pesa bado ni yako.